Katekista na Karatasi za Chumvi

Watu wa barabara ya Walikale walimcheka Symphorien kwa jambo moja: aliogopa karatasi. Chui hakumtisha. Mto ukifurika na daraja la kamba likining'inia upande mmoja, yeye alivuka tu, kitabu chake cha sala kichwani. Lakini ukimwonyesha karatasi iliyoandikwa ambayo haikutoka mikononi mwa padri, hata kama ni kipande kilichofungia karanga, midomo yake ilikauka na macho yakaanza kutazama barabarani. Katekista anayeogopa karatasi! Tulicheka sana. Mimi mwenyewe nilicheka, na sasa naona haya kidogo, maana mtu mwingine aliyeona alichokiona yeye mwaka wa arobaini na nne angechoma hata cheti chake cha ubatizo.

Mwaka ule wazungu walikuwa wanapigana vita vyao mbali huko, na huku porini watu walilazimishwa kuchuma utomvu wa mpira mpaka vidole vikatoka damu. Wakatokea wahubiri waliosema kwamba Yesu anarudi, tena safari hii kwa ngozi nyeusi, na kwamba mpira utakwisha na kodi itakwisha. Wengine wao walisema wameyaona hayo ndotoni. Serikali ikaleta askari. Kuna walionyongwa, na kuna waliopakiwa kwenye malori wakapelekwa uhamishoni, kwenye kambi za mbali ambazo tulizisikia majina tu. Siku moja askari walimsimamisha Théophile, seremala wa kijiji, wakamkuta na karatasi mfukoni. Ilikuwa na vipimo vya mlango wa shapeli, kanisa letu dogo. Symphorien alilijua hilo, kwa sababu vipimo alivitoa yeye, na alikuwa amesimama hatua ishirini kutoka pale. Askari hawakujua kusoma. Wakamfunga Théophile kamba shingoni, wakaondoka naye, na Symphorien akanyamaza. Shapeli haikupata mlango. Wakatundika mkeka.

Tangu siku hiyo kila akisikia lori linapanda kilima cha upande wa Hombo aliacha alichokuwa anafanya mpaka lipite.

Symphorien alikuwa Mnyanga, mzaliwa wa pori hilohilo. Kama wavulana wote wa umri wake alipitia kambi ya tohara, na aliyemtahiri alikuwa Kubuya, mwindaji mfupi mwenye sauti ya kukwaruza na mdomo usiotulia. Waliopita chini ya kisu chake walimwita baba maisha yao yote, naye aliwadai nyama na pombe ya ndizi bila haya yoyote. Baadaye mapadri walimchukua Symphorien wakamsomesha seminari ndogo kwa miaka mitatu. Huko alijifunza Kifaransa vizuri, na huko alifukuzwa kwa sababu ya maswali. Aliuliza Yesu alipokuwa na miaka kumi alifanya kazi gani. Aliuliza wale ndugu zake wanaotajwa katika Injili walizaliwa na nani. Mkuu wa seminari akamwambia kichwa chake kinafaa kwa ukatekista, ila kwa upadri kimezidi. Akarudi kijijini, akamwoa Godelieve, binti wa Kihunde kutoka milima ya Masisi, akapewa shapeli ya miti na udongo na watoto hamsini wa kufundisha katekisimu.

Siku hizo Kanisa liliadhimisha Tohara ya Bwana kila tarehe moja Januari. Padri Hilaire, aliyekuwa na shapeli ishirini za kuzungukia, hakufika kwetu siku hiyo hata mara moja, kwa hiyo Symphorien ndiye aliyewasomea watu ile Injili fupi: siku nane zilipotimia, mtoto akatahiriwa, akapewa jina Yesu. Kubuya hakubatizwa na hakutaka kubatizwa, lakini siku hiyo moja ya mwaka alikuja, akakaa nje kwenye kigogo, akasikiliza kupitia mkeka. Kwake ilikuwa sikukuu ya kazi yake.

"Mwanangu," alimuuliza Symphorien mwaka mmoja, watu walipokwisha kutawanyika, "ule mutoto Yesu, ni nani njo alimutahiri?"

"Haikuandikwa, Papa Kubuya."

"Kazi kubwa vile, na jina ya mufundi haiko? Na mu kambi balikuwa batoto ngapi?"

"Hakukuwa kambi, Papa. Alikuwa na siku munane tu."

"Siku munane!" Kubuya alicheka mpaka akakohoa. "Basi alilia. Bakikuambia hakulia, banakudanganya." Kisha akaacha kucheka. "Na bale bafuasi yake kumi na mbili? Bao pia balitahiriwa?"

Symphorien alitazama barabarani. Alikuwa na mawazo yake juu ya jambo hilo, lakini hayakuwamo katika katekisimu.

"Sijue," alisema.

Huyo ndiye Symphorien tuliyemjua: mtu mwenye maswali mengi kuliko sisi sote, na mwoga kuliko sisi sote.

Mwaka wa hamsini na moja, mfanyabiashara wa soko la Hombo aitwaye Grégoire aliletewa na dereva wa lori sanduku la vitabu vya Kifaransa. Mwenye vitabu alikuwa mzungu wa shamba moja la Masisi, mtu asiyekanyaga kanisani, na homa ilikuwa imemuua. Grégoire hakuwa na shida na vitabu. Alikuwa na shida ya karatasi ya kufungia chumvi. Akaanza kuchana, ukurasa kwa ukurasa, bila kufuata mpangilio wowote, akisokota kila ukurasa uwe pembe na kumimina kikopo kimoja ndani.

Symphorien alinunua chumvi, akatembea siku nzima kurudi nyumbani, akaifungua jikoni jua likiwa bado juu. Kwa kawaida angeitupa ile karatasi motoni bila kuitazama. Lakini jicho lake lilikuwa limekwisha kukamata jina la Yesu, na jicho likikamata halirudishiki.

Ukurasa ulisema kwamba wako wataalamu wa Ulaya wanaodai Yesu hakuwahi kuishi. Eti waandishi wa Roma wa wakati wake hawakumtaja. Eti waliomwandika hawakumwona kwa macho. Eti watu walikusanya hadithi za kale za miungu wanaokufa na kufufuka, wakazishona ziwe mtu mmoja na kumpa jina. Symphorien alisoma akiwa amesimama. Chini kabisa, mstari wa mwisho ulisema: "Lakini kwa hayo yote mtu anaweza kujibu kwamba". Hapo ukurasa uliisha.

Aliogopa mambo mawili kwa mara moja. Akikutwa na karatasi hiyo atakwenda alikokwenda Théophile, na Godelieve atabaki na watoto watatu. Na kama karatasi inasema kweli, basi kwa miaka kumi na mitano amewafundisha watoto wa watu jina la mtu asiyekuwapo. Angeichoma palepale kama si ule mstari wa mwisho. Jibu lilikuwapo! Mtu fulani alikuwa amelijibu jambo hili, na jibu lake lilikuwa Hombo, pengine limefungwa kwenye chumvi ya mtu mwingine, pengine saa hiyohiyo mwanamke fulani alikuwa analiwashia moto.

Siku ya soko iliyofuata alikuwa Hombo alfajiri. Na iliyofuata. Hakuthubutu kuomba sanduku lenyewe, kwa sababu Grégoire angeuliza katekista anataka nini na vitabu vya mzungu asiyesali. Alinunua chumvi tu, akachagua pembe kwa jicho la pembeni.

"Katekista," Grégoire alimwambia, "kwenu munakula chumvi sawa ng'ombe ya Masisi."

Symphorien alicheka pamoja na wengine, akalipa.

Godelieve hakucheka. "Papa Evode," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "unataka utukaushe sawa samaki? Vibuyu vyote vimejaa." Symphorien hakumwambia sababu. Siku moja Godelieve alikwenda Hombo mwenyewe, na aliporudi Symphorien alipekua kikapu akakuta chumvi imekwisha kumiminwa na karatasi haipo. Hakuthubutu kuuliza.

Kurasa alizozipata alizificha ndani ya ngoma ya mti iliyoitia watu sala, akizisukuma kwa kijiti kupitia ufa wake. Jibu hakulipata, ila alipata mengine ambayo hakuna mkuu wa seminari aliyewahi kumwambia. Alisoma juu ya Galilaya, nchi ya wavuvi na watoza kodi. Alisoma kwamba Wakristo wa kwanza hawakujua kwamba wao ni dini mpya. Walikuwa Wayahudi wa Yerusalemu waliosali hekaluni na kushika desturi za baba zao, chini ya Yakobo aitwaye ndugu wa Bwana. Wote walitahiriwa. Tena walibishana vikali na Paulo, wakiuliza kama mgeni asiyetahiriwa anaweza kuwa mmoja wao. Symphorien aliusoma ukurasa huo mpaka akaujua kwa moyo. Ulimtisha, na ulimpa furaha ambayo hakuwa ameisikia tangu seminari, na nadhani furaha ndiyo iliyomponza.

Tarehe moja Januari ya mwaka wa hamsini na tatu, Kubuya aliuliza swali lake la kila mwaka, huku tayari akiinuka kwenye kigogo maana alilijua jibu.

"Kaa, Papa," Symphorien alisema. Akaingia shapelini, akatoa ukurasa ngomani, akamsomea kwa Kinyanga, kwa sauti ya chini.

Kubuya alitaka urudiwe mara tatu. "Bote?" aliuliza. "Na bazungu njo baliandika vile?"

"Bao benyewe. Papa, nakuomba, usiambie muntu."

"Nitaambia nani?" Kubuya alisema, akaenda akamwambia kila mtu.

Wenzangu, mjue mapadri walikuwa wamewakataza Wakristo kupeleka wana wao kwenye kambi ya tohara, na Serikali, tangu arobaini na nne, iliogopa kila mkusanyiko wa porini. Kwa miaka tisa kisu cha Kubuya kilikuwa kimelala. Sasa alipita nyumba kwa nyumba akisema Yesu alitahiriwa, na wafuasi wake wote, na wazungu wanalo jambo hilo kwenye karatasi zao na wamelificha. Mwezi wa pili alikuwa na wavulana wanane kambini, na watano kati yao walikuwa Wakristo waliobatizwa. Mwezi wa tatu karani wa chifu alipeleka habari Walikale.

Lori lilipanda kilima asubuhi, Symphorien akiwa anafundisha watoto. Safari hii halikupita. Alisikia injini ikizimwa. Watoto waliendelea kujibu katekisimu kwa pamoja, na yeye hakusikia tena wanajibu nini. Miguu yake ilimwambia kimbia, na akili ikamwambia anayekimbia amekwisha kukiri.

Askari aliyeinua mkeka alisema bwana ajenti anamtaka katekista. Symphorien alitembea nyuma yake akiwaza shingo yake. Mbele ya nyumba ya wageni wa Serikali palikuwa na meza, na nyuma ya meza ajenti wa teritwari, afisa wa Serikali wa wilaya ile, kijana aliyetoka Ulaya karibuni, uso umechomwa na jua. Kubuya alikuwa ameketi chini, mikono imefungwa mbele, anamtazama mzungu bila wasiwasi. Watu wa kijiji walisimama mbali.

"Wewe unajua Kifaransa," ajenti alisema. "Mkalimani wangu ana homa. Huyu mzee hataki kunijibu kwa Kiswahili, anasema ni lugha ya askari. Utatafsiri."

Kwa hiyo hakuwa ameitwa kufungwa. Alishukuru, na mara akaelewa kilichokuwa kinakuja.

Swali la kwanza: ni kweli amewaambia watu Yesu alitahiriwa kama wavulana wake? Kubuya alisema ni kweli, na Symphorien akatafsiri. Swali la pili: amesema wafuasi wa kwanza wote walitahiriwa, na wazungu wameficha? Kubuya alisema ni kweli. Symphorien akatafsiri.

Swali la tatu: nani alimfundisha maneno haya?

Kubuya alitabasamu. Akainua mikono yake iliyofungwa, akamwonyesha Symphorien. "Huyu mwanangu," alisema kwa Kinyanga. "Nilimtahiri mimi mwenyewe, na hakulia. Alinisomea kwenye karatasi ya wazungu. Mwambie hivyo, mwanangu. Mwambie ni maneno ya watu wake, atafurahi."

Ajenti alisubiri, kalamu mkononi. Hakujua neno hata moja la Kinyanga. Watu wa kijiji hawakujua neno hata moja la Kifaransa. Katika dunia nzima alikuwapo mtu mmoja tu aliyejua yaliyosemwa pande zote mbili za ile meza, na mtu huyo alikuwa anaiona kamba kwenye mkanda wa askari.

"Anasema hakufundishwa na mtu," Symphorien alisema kwa Kifaransa. "Anasema aliyaona ndotoni."

Kalamu ilisimama. "Ndotoni?"

"Ndotoni, bwana."

Mzungu alimtazama Kubuya kwa muda mrefu, na safari hii alimtazama kwa hofu, maana naye alikuwa amesimuliwa habari za mwaka wa arobaini na nne na za waota ndoto wake. Kisha akaandika, akapiga mstari chini ya neno moja.

"Amefurahi?" Kubuya aliuliza.

"Amefurahi, Papa," Symphorien alisema.

Wakampandisha lori. Akiwa juu, katikati ya askari, Kubuya alimpigia kelele Symphorien aitunze ile karatasi vizuri. Hakurudi wiki ile, wala mwaka ule. Tulisikia amepelekwa uhamishoni bila kuandikiwa mwisho, kwa kosa la kutangaza unabii. Kama ajenti angeambiwa mzee aliyasikia kwenye karatasi, nadhani Kubuya angepigwa viboko akarudi nyumbani, na katekista ndiye angeulizwa karatasi imetoka wapi. Symphorien alilijua hili vizuri kuliko mimi.

Siku hiyohiyo alitoa kurasa zote ngomani akazichoma.

Miaka iliyofuata alikonda. Tulisema ni minyoo. Padri Hilaire alimletea dawa, akamuuliza kama kuna jambo linamsumbua, na Symphorien akajibu hakuna. Alikwenda kwenye kitubio akakiri hasira na uvivu. Angewezaje kukiri lile bila kukiri zile kurasa, na Padri Hilaire, mtu mwema, si alikuwa anakula na maajenti kila akipita Walikale? Kila Januari ilimlazimu kusoma ile Injili ya mstari mmoja. Aliisoma haraka, bila kuinua macho, na kigogo nje kilikuwa kitupu. Neno lililomfanya Kubuya akamatwe lilikuwamo kwenye kitabu cha misa muda wote, na yeye analitamka mbele ya watu wote, na hakuna anayemfunga.

Jambo baya zaidi nitalisema wazi. Ule ukurasa wa kwanza, uliosema Yesu hakuwahi kuishi, alikuwa ameuchoma lakini hakuusahau, na siku zikapita akaanza kuupenda. Kama Yesu hakuwapo, basi pale mezani hapakuwa na mwingine aliyesikia pande zote mbili. Alifundisha katekisimu asubuhi, na mchana, akipalilia mihogo, aliomba iwe kweli kwamba hakuna wa kuombwa. Aliogopa kuamini, na aliogopa kuacha kuamini. Godelieve alimwona anasimama shambani na jembe mkononi, hapalilii, hapumziki.

Mwaka wa hamsini na nane Serikali ilianza kuwarudisha baadhi ya wahamishwa, na mwezi wa tisa Kubuya akarudi. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu na mgongo umepinda, ila sauti ilikuwa ileile. Nyumba ya kwanza aliyobisha hodi haikuwa yake. Ilikuwa ya katekista.

"Mwanangu," alisema, "asante. Mule mu kambi balisema bengine bao balinyongwa. Miye hapana. Nilijua ni weye njo ulinisemea muzuri."

Symphorien alisogea mlangoni ampishe. Godelieve alileta kiti, akaleta ndizi, na Kubuya akala akisimulia nchi ya tambarare isiyo na miti, ambako hakutahiri mtoto hata mmoja. Symphorien alikwenda nyuma ya nyumba akapasua kuni mpaka mzee alipoondoka.

Mwezi wa kumi na moja mvua zilikuwa zinakwisha, na Godelieve alitaka kupanda maharage ya kwao Masisi, yale mekundu ambayo mama yake alimpa na ambayo kila msimu alihifadhi mbegu zake darini juu ya moshi ili wadudu wasiyale. Akashusha kifurushi, akakifungua kwenye ungo. Symphorien alikuwa karibu, ananoa panga.

"Karatasi hii iko ya miaka mingi," Godelieve alisema, "njo nilinunua nayo chumvi kwa Grégoire. Iko nguvu kabisa." Akaipa kisogo, akaanza kuchagua mbegu.

Ilikuwa ya kahawia kwa moshi, na alama za maharage zimebaki ndani yake. Symphorien aliiokota. Mstari wake wa kwanza ulianzia katikati ya sentensi, na yeye ule mwanzo alikuwa nao kichwani kwa miaka saba: lakini kwa hayo yote mtu anaweza kujibu kwamba.

"Watu wanaobuni," karatasi ilisema, "hubuni mambo yanayowapa sifa." Kama Wakristo wa kwanza wangemtunga mtu, wangemtunga vizuri zaidi. Wasingesema alibatizwa na mwingine kana kwamba yeye ni mdogo. Wasingesema alitundikwa msalabani kama mhalifu, jambo lililowachekesha majirani. Na zaidi ya yote, wasingesema kwamba mkubwa wa mitume, kiongozi wao wenyewe, aliulizwa na mjakazi akasema mtu huyu simjui. Nani angeandika hivyo juu ya mkubwa wake kama haikutokea? Aibu ya namna hii watu huificha. Ikiwa imesimuliwa, ni kwa sababu ilikuwapo, na ni kwa sababu yule aliyeifanya aliisimulia mwenyewe. Hakukuwa na mwingine wa kuisimulia.

Symphorien aliketi chini kwenye maganda. Godelieve alimuuliza kama ni homa. Alitikisa kichwa. Jibu alilolitafuta kwa hofu yote ile lilikuwa juu ya kichwa chake, juu ya moto wake mwenyewe, na sasa lilikuwa linamnyang'anya ile faraja mbaya ya kwamba hapakuwa na aliyesikia.

Tarehe moja Januari, mwaka wa hamsini na tisa, shapeli ilijaa. Karani wa chifu alikuwa kwenye benchi la mbele, yuleyule. Nje, kwenye kigogo, alikuwa Kubuya. Symphorien alisoma Injili polepole, kisha akafunga kitabu, akashuka, akainua mkeka akatoka nje. Watu hawakuelewa. Wakamfuata, na mimi nikiwa mmoja wao.

Alisimama mbele ya kigogo. Alikuwa anaogopa kuliko siku ya lori, alituambia baadaye, kwa sababu siku ya lori alikuwa na mahali pa kujificha.

"Papa Kubuya," alisema kwa Kinyanga, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "siku ile ajenti aliuliza nani alikufundisha. Ulisema ni mimi, kwenye karatasi. Mimi sikumwambia hivyo. Nilimwambia hukufundishwa na mtu. Nilimwambia uliyaona ndotoni. Ni neno la ndoto lililokupeleka. Ni mimi niliyelisema."

Karani wa chifu alitazama chini. Mimi niliamini palepale, wala sikuhitaji shahidi, kwa kuwa sikuona mtu angelibuni jambo kama hilo kwa faida gani.

Kubuya, yule mtu ambaye mdomo wake haukuwahi kutulia, alisema maneno machache tu.

"Sema vile ulisema," aliomba. "Kwa Kifaransa."

Symphorien alisema. Kubuya alisikiliza yale maneno asiyoyajua mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, jicho lake zima likitazama viganja vyake.

"Basi ule muzungu," alisema, "hakufurahi."

"Hakufurahi, Papa."